Chuo kiko kijijini, ubingwa uko mjini

Kila chuo kipya cha osteopathia kinapofunguliwa Marekani, tangazo lake halikosi ahadi moja: tutatoa madaktari watakaowahudumia watu wa vijijini na wa maeneo yaliyosahaulika. Ahadi hiyo husomwa siku ya uzinduzi na hubandikwa ukutani, na wabunge wa majimbo huirudia kila chuo kinapoomba fedha au ardhi. Mimi naiamini nusu. Vyuo hivi vimeifanya kazi ambayo vyuo vikubwa vya udaktari vya nchi ile viliikwepa kwa miongo mingi, na vinastahili heshima kwa hilo. Lakini ahadi yenyewe ina tundu, na tundu hilo haliko darasani. Liko katika miaka inayofuata baada ya mahafali, pale daktari kijana anapofungasha mizigo kwenda kusomea ubingwa.

Kwanza tuelewane ni madaktari gani tunaowazungumzia. Uingereza, mtaalamu wa osteopathia ni mtu anayetibu kwa mikono. Hushughulikia mgongo, shingo na viungo, lakini si daktari. Marekani mambo ni tofauti kabisa. Mwenye shahada ya udaktari wa osteopathia, kwa kifupi DO, anaandika dawa, anapasua, anazalisha, anasimamia wagonjwa mahututi, na leseni yake inakubalika katika majimbo yote 50 sawa na ya mwenye MD, shahada ya kawaida ya udaktari nchini humo. Anasoma mtaala mzima wa udaktari, kisha anaongezewa takriban saa 200 za tiba ya mikono. Aliyewahi kufuatilia habari za malaria huenda amekutana na jina la Dkt. Terrie Taylor, DO wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, ambaye tangu miaka ya 1980 amekuwa akiwatibu na kuwachunguza watoto wenye malaria ya ubongo huko Blantyre, Malawi. Utafiti wa kundi lake uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto wengi wanaokufa kwa ugonjwa huo huwa ubongo wao umevimba kiasi cha kubana sehemu inayoendesha pumzi. Anayefanya kazi ya namna hiyo ni daktari kamili. Leo zaidi ya robo ya wanafunzi wote wa udaktari Marekani wako katika vyuo vya osteopathia, na idadi ya vyuo hivyo imepita 40.

Sasa, kwa nini vijiji vikawa vyao? Jibu linaanzia Kirksville, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Missouri. Andrew Taylor Still alikuwa daktari wa kawaida wa nyakati zake hadi mwaka 1864, homa ya uti wa mgongo ilipowaua watoto wake watatu huku madaktari wenzake, na yeye mwenyewe, wakishindwa kufanya lolote. Dawa za wakati ule zilikuwa za kutisha. Madaktari waliwanywesha wagonjwa zebaki. Mwaka 1874 alitangaza njia yake mpya ya tiba, osteopathia, na mwaka 1892 akafungua chuo hapo Kirksville, akawapokea wanawake kwenye darasa la kwanza kabisa. Wagonjwa walianza kumiminika kwa treni kutoka mbali, na mji ukajenga hoteli za kuwapokea. Sehemu ya mafundisho yake, hasa ile ya kukataa karibu dawa zote, ilishindwa na wakati na warithi wake wakaiacha. Kilichobaki ni chuo cha udaktari kilichozaliwa nje ya miji mikubwa, bila baraka za wakubwa wa taaluma.

Wakubwa hao hawakusamehe. Ripoti ya Flexner ya mwaka 1910, iliyosababisha vyuo vingi dhaifu vya udaktari kufungwa, ilivisema vibaya vyuo vya osteopathia. Chama cha madaktari wa Marekani kiliwaona DO kuwa wafuasi wa imani potofu, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa MD aliyeshirikiana nao kwa hiari alihesabiwa kuwa amevunja maadili ya kazi. Hospitali nyingi ziliwafungia milango, wakajenga zao, nyingine ndogo sana, kwenye miji ambayo hakuna mtu mwingine aliyeitaka. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, jeshi lilikataa kuwaajiri kama madaktari. MD wakaenda vitani, DO wakabaki nyumbani na wagonjwa wote wa kata nzima, na wagonjwa wengi waliowazoea hawakurudi tena kwa madaktari wao wa zamani. Jeshi lilikuja kufungua mlango katikati ya miaka ya 1960, wakati wa vita vya Vietnam. Jimbo la mwisho kuwapa DO haki zote za kazi liliwapa mwaka 1973.

Nasimulia haya kwa kirefu kwa sababu watu wengi husoma historia hii kinyume. Wanadhani DO walikwenda vijijini kwa wito. Wapo waliokwenda kwa wito, na Mungu awabariki, lakini wengi walikwenda kwa sababu huko ndiko walikopokelewa. Tazama kilichotokea California mwaka 1962. Madaktari wa osteopathia wapatao 2,000 walipewa nafasi ya kubadilisha shahada zao kuwa MD kwa ada ya dola 65, na wakabadilisha. Chuo chao cha Los Angeles nacho kikageuzwa kuwa chuo cha MD. Mlango wa heshima ulipofunguliwa, waliuingia. Siwalaumu hata kidogo. Nani angebaki nje akidharauliwa?

Swali linalofuata ndilo zito. Ikiwa kilichowapeleka kijijini ni kufungiwa milango ya mjini, leo milango yote ikiwa wazi, ni nini kitakachowapeleka? DO wa sasa anaweza kuwa bingwa wa moyo Boston au mpasuaji wa ubongo Chicago. Usawa huo ni haki yao na ulichelewa mno. Lakini ile nguvu ya zamani imekwisha, na lazima kitu kingine kijengwe mahali pake kwa makusudi. Takriban mmoja kati ya Wamarekani watano anaishi kijijini, ilhali madaktari walioko huko ni karibu mmoja kati ya kumi. Tangu 2010 hospitali za vijijini zaidi ya 100 zimefungwa au zimeacha kulaza wagonjwa. Nyingine zimebaki wazi ila zimefunga wodi ya wazazi, na mama mwenye uchungu anaendeshwa saa nzima au zaidi akipita hospitali yenye taa zinazowaka.

Jambo la kwanza linalofanya kazi tunalijua, na halina uhusiano na herufi za shahada. Chuo cha udaktari cha Jefferson, Philadelphia, ambacho ni cha MD, kilianzisha mwaka 1974 mpango wa kuchagua wanafunzi waliokulia vijijini na waliosema tangu mwanzo kuwa wanataka kurudi huko. Wahitimu wake wamefuatiliwa kwa miongo, na matokeo hayabadiliki: wanakwenda vijijini kwa wingi kuliko wenzao, na wakishafika wanakaa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake mwaka 2010 kuhusu wafanyakazi wa afya vijijini, mapendekezo yaliyozihusu Tanzania na Kenya sawasawa na nchi nyingine, liliweka jambo hilo hilo mbele: chukueni wanafunzi kutoka vijijini. Mcheza kwao hutunzwa.

Vyuo vya osteopathia vimelielewa hili kuliko wengi. Nenda Pikeville, mashariki mwa Kentucky, ambako chuo kilifunguliwa mwaka 1997 katikati ya milima ya makaa ya mawe. Huko mgonjwa anayeingia kliniki asubuhi anaweza kuwa mchimbaji aliyestaafu, ana kisukari, ana presha, mgongo umeharibika kwa miaka ya kuinama chini ya dari ya mgodi, na mapafu yamejaa vumbi la makaa. Ugonjwa huo wa mapafu, katika hali yake mbaya kabisa, umerudi kwa kasi eneo hilo katika miaka ya karibuni, wakati nchi ilidhani umekwisha. Mgongo wake aliwahi kuandikiwa vidonge vya kutuliza maumivu, na vidonge hivyo vimeua watu wengi kwenye milima ile. Daktari mmoja lazima ayaone yote hayo kwa kikao kimoja, kwa sababu bingwa wa mapafu yuko mbali na mgonjwa hana gari la kuaminika. Hapo naona faida halisi ya zile saa 200 za tiba ya mikono. Kwa maumivu ya kiuno upo ushahidi wa kuridhisha kwamba inasaidia. Kwa madai mengine mengi ushahidi ni mwembamba, na sipendi yakitukuzwa. Ila daktari aliyefunzwa kuugusa mgongo na kuupa muda ana kitu cha kumpa mtu huyu kabla hajafikia kuandika kidonge.

Mtoto wa mchimbaji huyo akiomba nafasi ya kusoma udaktari, alama zake za mtihani wa kuingilia huenda zikawa chini ya za kijana wa mjini ambaye wazazi wake wamelipia masomo ya ziada. Vyuo hivi vimekuwa na ujasiri wa kuangalia mbali zaidi ya alama. Wapo wanaosema huko ni kushusha kiwango. Sikubaliani nao. Mtihani wa leseni bado uko pale pale na lazima aufaulu. Kilichobadilika ni nani anapewa nafasi ya kuufikia.

Chuo cha osteopathia cha West Virginia kiko Lewisburg, mji wa watu elfu chache, katika majengo yaliyokuwa shule ya kijeshi. Kilifunguliwa mwaka 1974 na baadaye kikawa mali ya jimbo. Wanafunzi wake wa mwaka wa 3 na wa 4 hawabaki Lewisburg. Hutawanywa kwenye hospitali na kliniki za kanda mbalimbali za jimbo. Kampasi ya Mesa, Arizona, ya chuo kikuu kinachobeba jina la Still, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2007, imekwenda mbali zaidi: baada ya mwaka wa kwanza tu mwanafunzi anahamia kwenye kituo cha afya cha jamii, mahali wanapotibiwa watu wasio na bima na wahamiaji wa mashambani, na anasomea hapo hapo. Anajifunza shinikizo la damu akiwa amekaa na mtu ambaye ameacha dawa kwa sababu ya bei.

Mfumo huo una udhaifu mmoja ambao wakuu wa vyuo hawapendi kuusema kwa sauti. Vyuo vingi vya osteopathia havina hospitali yao ya kufundishia. Vinategemea madaktari wa mitaani wawapokee wanafunzi na kuwafundisha, mara nyingi bila malipo. Daktari wa kijijini analipwa kwa idadi ya wagonjwa anaowaona, na mwanafunzi humpunguzia mwendo. Jimbo la Georgia liliamua mwaka 2014 kuwapunguzia kodi madaktari wanaofundisha namna hiyo, na ni hatua nzuri, lakini vyuo vinaongezeka haraka kuliko madaktari wa kufundisha. Chuo kinachotoza ada kubwa na kutegemea hisani ya daktari mmoja aliyechoka katika mji mdogo kinakopa kutoka kwa jamii ile ile kinayodai kuihudumia. Inawezekana kukifungua kijijini kwa sababu ardhi ni rahisi na wabunge wana hamu, kisha kikawa na faida kwa kila mtu isipokuwa wagonjwa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye tundu lenyewe. Marekani, mhitimu wa udaktari hawezi kufanya kazi peke yake mpaka apitie mafunzo ya ubingwa, ambayo kwa tiba ya familia ni miaka mitatu. Miaka hiyo ndiyo inayoamua maisha yake. Ndipo anapooa au kuolewa, anapozaa, mwenzi anapopata kazi, anapozoea maabara fulani na mabingwa fulani wa kuwapigia simu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya madaktari wa familia wanafanya kazi ndani ya maili 100, yaani kilomita 160 hivi, kutoka mahali walipofanyia ubingwa. Na nafasi za ubingwa ziko wapi? Ziko mijini kwa wingi wa kupindukia.

Sababu ni ya kifedha na ina tarehe. Sehemu kubwa ya gharama za mafunzo ya ubingwa hulipwa na Medicare, bima ya serikali ya wazee. Sheria ya bajeti ya mwaka 1997 iliweka kikomo: kila hospitali ilipiwe nafasi zisizozidi zile ilizokuwa nazo mwaka 1996. Hospitali kubwa za mijini zilikuwa tayari zimejaa wanafunzi, zikaendelea kula fungu lile lile. Hospitali ndogo ziliumia kwa namna isiyoelezeka. Nyingine iliwahi kumpokea mwanafunzi mmoja wa ubingwa kwa wiki chache, ikajikuta imefungiwa kwenye kipimo hicho kwa zaidi ya miaka 20, mpaka sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2020 ilipolirekebisha jambo hilo. Sheria hiyo hiyo iliongeza nafasi 1,000, na kuagiza angalau asilimia 10 ziende kwa hospitali za vijijini. Lakini kanuni zinairuhusu hospitali iliyo mjini kuomba kuhesabiwa kuwa ya kijijini kwa madhumuni ya malipo, na fungu la mnyonge likaanza kuliwa na mwenye nguvu.

Upande wa osteopathia ulikuwa na hazina yake hapa. Zile hospitali ndogo zilizojengwa enzi za ubaguzi zilikuwa na mafunzo ya ubingwa chini ya bodi ya osteopathia yenyewe, na mengine yalikuwa kwenye miji midogo. Kati ya 2015 na 2020 mifumo miwili ya ithibati iliunganishwa kuwa mmoja, DO na MD wakaanza kugombea nafasi zote kwa usawa. Nilifurahi kwa ajili ya wanafunzi. Lakini baadhi ya programu ndogo hazikuweza kutimiza masharti mapya ya idadi ya walimu, utafiti na makaratasi, zikafungwa. Kwa hiyo hatua iliyokamilisha usawa wa DO ndiyo pia iliyozima baadhi ya taa za vijijini, na sikusikia viongozi wengi wakililia hilo.

Dawa ya tundu hili ipo na imeshajaribiwa. Tangu miaka ya 1980 Spokane, katika jimbo la Washington, ina utaratibu ambao mwanafunzi wa ubingwa hukaa mwaka mmoja kwenye hospitali kubwa, kisha miaka miwili Colville, mji mdogo wa kaskazini, akiwa na wagonjwa wake mwenyewe wanaomjua kwa jina. Tangu 2011 serikali kuu hulipia ubingwa unaofanyikia ndani ya vituo vya afya vya jamii. Programu hiyo ya pili naiona kuwa bora kuliko zote kwa watu maskini, lakini kwa miaka mingi Bunge liliiongezea muda kwa vipande vifupi vifupi. Mkuu wa kituo alimwajiri kijana kwa miaka mitatu bila kujua kama mwaka wa pili ungekuwa na fedha.

Mahali ambapo vipande vyote vimekutana ni Tahlequah, Oklahoma, makao makuu ya Taifa la Cherokee. Hapo, mwaka 2020, Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma na Wacherokee walifungua chuo cha osteopathia, cha kwanza cha udaktari nchini humo kushirikiana na taifa la wenyeji wa asili kwenye ardhi yao. Jengo lililigharimu taifa hilo dola milioni 40. Hospitali iko jirani, kliniki ni zao, na taifa lina mafunzo yake ya ubingwa wa tiba ya familia. Darasa la kwanza lilihitimu Mei 2024, likiwa na wenyeji wa asili kwa kiwango kisichoonekana karibu popote pengine, katika nchi ambayo madaktari wa asili hiyo hawafiki asilimia moja. Ninachokipenda zaidi ni kwamba anayetaka madaktari ndiye aliyetoa fedha, ndiye mwenye wagonjwa, na ndiye atakayemwajiri mhitimu. Chuo kikikosea, kinakosea mbele ya wenyewe.

Sasa kuna jambo jipya linalonitia hofu. Sheria kubwa ya bajeti iliyosainiwa Julai 2025 inafuta, kuanzia Julai 1, 2026, mkopo wa serikali ambao wanafunzi wapya wa udaktari walikuwa wakiutumia kufidia gharama zote, na kuweka kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Ada peke yake katika vyuo vingi binafsi vya osteopathia inapita kikomo hicho cha mwaka, kabla mwanafunzi hajala wala kulipa kodi ya nyumba. Mtoto wa daktari wa mjini atajaziwa na wazazi au atapata mkopo wa benki kwa dhamana yao. Mtoto wa mchimbaji wa Pikeville hana mdhamini. Ninaelewa hoja kwamba mikopo isiyo na mwisho iliviachia vyuo vipandishe ada, na vyuo binafsi vina la kujibu. Lakini adhabu inamwangukia asiyehusika, yule yule ambaye takwimu zote zinasema ndiye angerudi nyumbani.

Sheria hiyo hiyo imetenga dola bilioni 50 kwa miaka mitano kwa ajili ya afya ya vijijini, na majimbo ndiyo yaliyopendekeza zitumikeje. Miongoni mwa matumizi yaliyotajwa ndani yake ni kuwavuta wataalamu wa afya watakaojifunga kukaa kijijini angalau miaka mitano. Jimbo lolote lenye chuo cha osteopathia linaweza kuzitumia kulipa ada za wanafunzi wa vijijini kwa mkataba, na kuanzisha ubingwa katika hospitali zile zile wanakofanyia mwaka wa 3 na wa 4. Linaweza pia kuzimaliza kwa washauri, mitambo na programu za kompyuta, na wauzaji wameshapanga foleni. Wakuu wa vyuo waliosimama siku ya uzinduzi wakaahidi madaktari wa vijijini wana nafasi ya kusimama tena mbele ya magavana wao, safari hii wakiwa na orodha ya wahitimu wao wa miaka kumi iliyopita na jina la mji ambao kila mmoja anafanyia kazi.